Upanga wa Sulemani na Watoto Wetu

Somo letu la Jumapili hii ni 1 Wafalme 3:16-28. Wengi tunalijua tangu darasa la watoto: wanawake wawili, mtoto mmoja, mfalme anaagiza upanga. Leo nalisoma kwa ajili ya familia zetu ambazo baba analala nyumba moja na mama nyingine. Zipo kati yetu hapa Bluff, tusijifanye hatuzioni.

Neno la Mungu kuhusu talaka linajulikana. Malaki 2 na Mathayo 19 hazijafutwa, na kanisa litaendelea kuomba ndoa zipone. Lakini kuna nyumba ambazo mambo yamekwisha kufika mahakamani, na mtoto hawezi kungoja mpaka watu wazima wamalize kubishana. Yeye anataka kujua kesho nani anampeleka shule.

Yule mama halisi alijulikanaje? Hakuwa na shahidi, maana nyumbani walikuwa wao wawili tu. Maneno yake na ya mwenzake yalilingana. Alijulikana upanga ulipoletwa, akasema heri apewe yule mwingine, mradi mtoto awe hai. Yule wa pili aliridhika na nusu. Nusu ya mtoto, ndugu zangu, ni maiti, lakini alikuwa radhi nayo ili mwenzake asipate.

Upanga huo tunao majumbani. Baba anakata pesa ya chakula kwa sababu hakuruhusiwa kumwona mtoto Jumamosi. Mama anamficha mtoto kwa sababu pesa haijaja. Sheria ya nchi hii haiunganishi mambo hayo mawili: matunzo yanadaiwa hata kama hukumwona mtoto, na mtoto ana haki ya kumwona mzazi wake hata kama pesa imechelewa. Nyumba nyingine mtoto ni tarishi: "Mwambie baba yako." Na kuna jambo linaloniumiza zaidi. Mtoto wa miaka kumi, kwa kuwa anajua Kiingereza na Kizulu, anasomeshwa karatasi za talaka ili amtafsirie mama yake. Anatamka kwa kinywa chake mashitaka ya baba yake. Wazazi, mahakama ina wakalimani. Omba wa Kiswahili, au mlete karatasi kwa mtu mzima unayemwamini.

Sasa, somo hili wengine hulitumia vibaya. Humwambia mama anayepigwa: kuwa kama yule wa Sulemani, nyamaza, achia. Lakini mama yule hakunyamaza! Alikwenda mbele ya mfalme akasema, na akarudi na mtoto wake. Anayepigwa aombe amri ya ulinzi katika mahakama ya hakimu, haina malipo. Mzee wa kanisa asimrudishe kwa maombi peke yake.

Kwetu Kongo na Burundi tumelelewa na neno moja: mahari imetolewa, watoto ni wa baba. Baraza la ukoo linakaa, linaamua. Hapa hakimu hahesabu ng'ombe. Katiba ya 1996, kifungu cha 28, inasema katika kila jambo la mtoto, faida ya mtoto ndiyo kubwa kuliko yote. Sheria ya Watoto ya 2005 inatazama malezi, kuonana, ulinzi wa kisheria na matunzo, na inataka mtoto mwenye umri na akili ya kuelewa asikilizwe. Sheria ya Talaka ya 1979 inamkataza hakimu kuvunja ndoa mpaka aridhike kuwa mpango wa watoto ni mzuri, au ndio bora unaowezekana katika hali hiyo. Iko ofisi ya serikali, Family Advocate, inayosikiliza wazazi wote wawili na kuwasaidia kuandika mpango wa malezi. Haitozi pesa. Wazee wetu wa ukoo waitwe kupatanisha, hilo ni jema, lakini kumgawa mtoto si kazi yao. Wala si kazi yangu.

Msimpeleke mtoto Bukavu au Bujumbura kwa siri. Wazazi wote wawili wakiwa walinzi wa mtoto kisheria, kila mmoja lazima akubali kabla hajatoka nchini, au mahakama iruhusu. Shangazi kule anaweza kuwa mtu mwema sana. Bado mtoto ameondolewa usiku bila kumuaga mzazi. Kilima hiki chetu kinajua habari za watu waliohamishwa bila kuulizwa. Pale Kings Rest waliishi Wazanzibari, wengi wao Wamakua, waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa na kuletwa Durban kuanzia 1873, na miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi ikawahamishia Chatsworth. Wao walihamishwa na wenye nguvu. Mtoto wako asihamishwe hivyo na wewe.

Akina mama wengine wanavumilia hatari kwa sababu jina lao liko chini ya faili la ukimbizi la mume. Wanaambiwa: "Ukiniacha utafukuzwa nchini." Msitishwe. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inatoa nafasi kwa aliyekuwa tegemezi kuomba kubaki baada ya talaka. Tafuteni ushauri wa wanasheria mapema, kabla karatasi hazijaisha muda.

Na sisi tuliobaki kwenye viti: mtoto akija Jumapili hii na baba, na ijayo na mama, asiulizwe anapenda wapi zaidi. Apewe chai kama wengine. Walimu wa darasa la watoto, hadithi ya Hajiri na Ishmaeli mnaijua. Mungu alisikia sauti ya kijana pale alipokuwa, jangwani, mbali na hema la baba yake.

Tuombe. Baba wa mbinguni, wako hapa wawili ambao wiki hii watasimama mbele ya hakimu. Mpe hakimu hekima. Wape wao kufunga vinywa mtoto akiwa karibu. Na mtoto umpe usingizi usiku huu, katika nyumba yoyote atakayolala. Katika jina la Yesu, amina.