FURAHA NDOGO NI NEEMA KUBWA

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

 Nausia nafsi yangu, kisha ninyi, tumche Mwenyezi Mungu.

Ndugu msomaji, kwetu Maniema watu wengi wanasema: tutafurahi siku vita itakapokwisha, mshahara utakapofika, nyumba itakapopata mabati. Lakini vita iliingia nchini mwaka 1996, na mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni mzazi. Kama furaha ingengojea shida ziishe, mtu huyo angekuwa hajacheka hata siku moja.

Tumtazame Mtume wetu (S.A.W.). Alizaliwa yatima. Pale Makka, Makureshi waliwatenga ukoo wake kwa muda wa miaka mitatu, wakala majani kwa njaa. Alipata watoto saba, na sita kati yao walikufa yeye akiwa hai. Fatuma peke yake ndiye aliyebaki. Nani kati yetu amebeba zaidi? Juu ya hayo, alishindana mbio na bibi yake Aisha. Mara ya kwanza Aisha akamshinda, mara nyingine yeye akamshinda Aisha, na akamtania. Alipomkuta mtoto Abu Umayr na huzuni kwa sababu ndege wake mdogo amekufa, hakumpita. Alimwuliza habari za ndege yule. Mjukuu alipompanda mgongoni akiwa katika sijda, aliirefusha sijda ile mpaka mtoto akatosheka.

Siku moja Al-Aqra bin Habis alimwona Mtume akimbusu Hassan. Akasema yeye ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja. Mtume akamjibu kwamba asiyehurumia hatahurumiwa. Bwana yule alidhani ukali ni uanaume. Je, wewe ukiingia nyumbani, watoto wanakukimbilia au wanakukimbia?

Hapa niseme na ninyi vijana na mababa mnaokwenda kwenye machimbo ya dhahabu, Namoya, Kamituga na kwingine. Kutafuta riziki ya halali ni ibada. Lakini wako wanaokaa miezi mingi, hata miaka, bila kurudi. Franga zinafika nyumbani, baba hafiki. Mtoto anamjua baba yake kwa sauti ya telefoni tu. Mchele unaweza kuununua mwezi ujao. Meno ya kwanza ya mtoto wako hutayaona tena. Na wewe unayelala nyumbani kila siku, lakini unakula peke yako, unaamuru na kunyamaza, jua ya kwamba nawe uko mbali kama yule wa machimboni.

Mtu atauliza: Imamu, tucheke namna gani, nasi tumezika watu wetu? Swali hili ni la haki. Mtume alilia machozi alipokufa mtoto wake Ibrahim. Kulia si dhambi. Lakini sheria imeweka mpaka: haifai kukaa matanga zaidi ya siku tatu, isipokuwa mjane, miezi minne na siku kumi. Basi Mola wetu anajua uchungu, na anajua kwamba walio hai wanahitaji kuishi. Ukicheka na mtoto yatima wa ndugu yako, humsahau marehemu. Unamtunzia amana yake.

Wala hatusemi furaha ya lutuku, wala ya kusengenya barazani. Furaha hiyo asubuhi inageuka deni na ugomvi. Tunasema furaha ya halali: sahani moja ya wali na sombe mnayozunguka wote, chai baada ya Isha, bibi yako anasimulia mambo ya soko, rafiki anayepita na kinga yake, anashuka kukusalimu tu, hana haja nyingine. Mtume ametufundisha kwamba mtu akiamka na amani kwake, mwili mzima, na chakula cha siku ile, ni kama amekusanyiwa dunia yote. Na katika Sura Ibrahim, aya ya 7, Mwenyezi Mungu ameahidi kumzidishia mwenye kushukuru. Utashukuru namna gani neema usiyoiona?

Basi, wiki hii tufanye mambo matatu:

1. Kula na watu wa nyumba yako walau mara moja kwa siku, na usikaripie mtu wakati wa kula.

2. Ukipika mchuzi, ongeza maji umpe jirani, kama Mtume alivyomwusia Abu Dharr. Furaha inayovuka ua inarudi.

3. Tafuta rafiki au ndugu uliyeachana naye zamani, umwendee na uso mkunjufu. Uso huo ni sadaka, na hauombi franga hata moja.

Ee Mola wetu, tupe amani katika nchi yetu na katika nyumba zetu. Warudishe walio mbali, warehemu waliotangulia, na utufanye miongoni mwa wenye kushukuru. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.