Mtihani wa Uwakili ni wa Nani?

Mwanafunzi ashindwapo mtihani wa uwakili, neno la kwanza litokalo kinywani mwake ni kuwa amedhulumiwa. Na neno la kwanza litokalo kinywani mwa walimu wake ni kuwa hakusoma. Kila upande huuona mtihani kuwa mali yake. Yafaa tujiulize kama mali hiyo si ya mtu wa tatu, ambaye hakutunga swali wala hakuandika jibu.

Mtu huyo tumtafute katika vijiji vya Kisarawe au viunga vya Kibaha. Ni mkulima mwenye mikorosho michache katika ardhi aliyoachiwa na wazee wake. Mji wa Dar es Salaam umepanuka hata umemfikia, na shamba ambalo zamani halikutakiwa na mtu sasa lina wanunuzi wengi, na pengine wauzaji wawili. Shauri likizuka hupelekwa kwanza katika baraza la kata, ambalo tangu mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Suluhu isipopatikana, huenda mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba. Hapo mkulima humkabidhi wakili hati zake, siri zake na fedha aliyouzia korosho. Hawezi kuipima elimu ya wakili huyo, kama mgonjwa asivyoweza kuipima elimu ya mganga. Wakili akikosea hesabu ya siku za kukata rufani, shamba limekwenda. Mtihani ulikuwa umpimie mkulima kabla hajafika mlangoni. Ndiyo sababu nasema ni wake.

Tukikubali hivyo, ugumu wa mtihani peke yake si dhuluma. Atakaye ulegezwe kwa kuwahurumia watahiniwa hufanya ukarimu kwa mali ya mwingine. Kijana aliyepanga chumba Kibaha, akaamka kabla ya alfajiri kuwahi basi la mjini, akarudi usiku na vitabu vya kuazima, astahili heshima. Lakini taabu ya kujifunza si ushahidi wa kujua. Jasho la mpishi haliivishi chungu.

Hata hivyo haki ya mkulima huyo yawadai walimu pia. Mwezi wa Oktoba 2022 ilitangaa habari kuwa katika watahiniwa 633 wa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Watu 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 walishindwa kabisa. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza jambo hilo. Watu wakagawana lawama: hawa wakawalaumu vijana, hawa taasisi, hawa vyuo vikuu. Lakini watahiniwa hao walifika na shahada za sheria mikononi. Ama shahada zilisema zaidi ya elimu iliyokuwamo, ama mafunzo hayakufika yalikokusudiwa, ama mtihani ulidai yasiyofundishwa, ama vijana walilala. Lolote liwalo, mkulima ndiye aliyepata hasara. Mlango mwembamba humlinda na wakili mjinga. Mlango uliozibwa humwacha peke yake mbele ya tajiri mwenye wakili.

Basi haki ya mtihani haipimwi kwa wingi wa waliopita wala kwa uchache wao. Hupimwa kwa mambo mawili. La kwanza, kwamba swali lauliza jambo ambalo mteja atalihitaji. La pili, kwamba aliyeshindwa ajua ameshindwa wapi. Sheria yenyewe humtaka hakimu atoe sababu za hukumu yake. Itakuwa ajabu wafundishao kanuni hiyo wakihukumu kwa tarakimu tupu.

Na mtahiniwa naye ana la kujiuliza usiku wa kukata tamaa, akariripo majibu ya mitihani iliyopita ili amshinde mtahini. Akisoma kwa ajili ya mtahini, kila kifungu ni mtego. Akisoma kwa ajili ya mwenye shamba, siku za rufani huwa mikorosho ya mtu, na kifungu kilichokuwa kigumu huwa na maana. Sidai kuwa atafaulu kwa hilo. Nadai kuwa akifaulu, atakuwa amefaulu jambo lililostahili taabu yake.