Picha Ukutani

Soma Yoshua 4:4–7. 2 Wafalme 18:4. Mhubiri 9:5, 6. 1 Wathesalonike 4:13–18.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia mkoa ambao leo ni Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Julius Kambarage Nyerere aliwatangazia Watanzania vita. Vijana wengi walioitikia wito hawakurudi. Wengine wamelala Kaboya, wilayani Muleba. Katika familia nyingi imebaki picha tu: kijana amevaa gwanda, amesimama wima, bila tabasamu.

Tuseme picha kama hiyo imetundikwa sebuleni hapa Kambarage, Shinyanga. Kila Ijumaa, akiiandaa nyumba kwa ajili ya Sabato, bibi huifuta vumbi na kuwasimulia wajukuu habari za mumewe. Mjukuu mmoja ni mchimbaji mdogo huko Geita. Kabla ya kurudi machimboni huigusa picha na kunong'ona, "Babu, nilinde shimoni." Mzee wa kanisa anapomsikia, anashauri picha ishushwe. Je, ameshauri vema?

Mungu aliagiza mawe kumi na mawili yatolewe Yordani, ili watoto wakiuliza, wazazi wawe na la kuwajibu. Basi kukumbuka si dhambi. Lakini nyoka wa shaba, ambaye Mungu mwenyewe alimwagiza Musa amtengeneze, baadaye alifukiziwa uvumba, na mfalme Hezekia akamvunja. Shaba ilikuwa ileile; mioyo ya watu ndiyo iliyogeuka.

Hapo ndipo njia za bibi na mjukuu zinapoachana. Bibi anazungumza habari za marehemu. Mjukuu anazungumza na marehemu. Aliyelala hajui neno lolote, wala hawezi kumlinda mtu shimoni. Hata hivyo, kuishusha picha hakutaondoa hofu ya kijana anayeshuka gizani kutafuta riziki. Atatafuta kitu kingine cha kushika, pengine hirizi. Afundishwe kumwomba Yeye asiyesinzia (Zaburi 121:4). Naye bibi asinyang'anywe sura ya yule anayetumaini kumwona tena, parapanda itakapolia.

Maswali ya kujadili:
1. Ni kitu gani nyumbani mwako kilichoanza kuwa ukumbusho, na sasa unakitegemea?
2. Kama ungekuwa mzee wa kanisa, ungemwambia nini mjukuu huyu kabla hajaondoka kwenda Geita?