MUME HUKU, MKE KULE, MASWALI YALEYALE!

Kijana, usiitupe karatasi hii! Isome kwanza, hata kama hujakanyaga kanisani tangu ulipozaliwa. Pengine uko Dallas au Minneapolis, umefika Marekani kwa shida, na mtu amekunong'oneza: "Oa raia, lipa kidogo kidogo, utapata grinikadi." Ngoja nikuambie habari za kile chumba.

Barua inakuja kutoka idara ya uhamiaji, ile inayoitwa USCIS. Ina tarehe, saa na ofisi. Mnakwenda wote wawili, wewe na mwenzako aliyekujazia fomu I-130. Mkishaingia, ofisa anawaambia: inueni mkono wa kuume. Kiapo! Wengi wanadhani ni desturi tu, kama kupiga hodi. Sivyo, bwana. Kuanzia hapo kila neno ni ushahidi.

Kisha anapitia fomu I-485: uliingiaje nchini, umewahi kukamatwa? Halafu anageukia ndoa. Mlikutana wapi? Nani alimtaka mwenzake kwanza? Harusini walikuja akina nani? Mama mkwe anaitwaje? Asubuhi nani anaamka mapema? Vitu vidogo hivyo! Lakini watu wanaoishi pamoja wanavijua bila kuvikariri.

Mikononi muwe na pasipoti, cheti cha ndoa, hati ya talaka kama kuna aliyewahi kuoa au kuolewa, vyeti vya watoto, mkataba wa nyumba wenye majina mawili, karatasi za benki za akaunti ya pamoja, za kodi, za bima. Leteni asili na kopi. Na picha, lakini za nyakati mbalimbali, siyo za siku moja mmebadilisha mashati! Ofisa si mtoto. Kiingereza kikikupiga chenga, nenda na mkalimani. Wakili naye anaruhusiwa.

Sasa ofisa akitilia shaka, anawatenganisha. Mmoja anaulizwa peke yake, kisha mwingine, maswali yaleyale, na majibu yanalinganishwa. Mawakili huyaita mahojiano ya Stokes, kutokana na kesi moja ya New York ya miaka ya 1970.

Unadhani jambo hili ni geni? Fungua Matendo ya Mitume sura ya 5. Anania na mkewe Safira waliuza kiwanja, wakaficha sehemu ya fedha. Petro akamhoji mume, akaanguka akafa. Yapata saa tatu baadaye mke anaingia, hana habari ya yaliyotokea. Anaulizwa bei ileile. Na sikiliza, kijana: majibu yao yalilingana! Walikuwa wamepatana vizuri kabisa. Uongo ulilingana, na bado ulikuwa uongo.

Ndiyo maana nacheka nikiona watu wanakariri rangi ya mswaki. Wenye ndoa ya kweli hupishana. Mke atasema pazia ni la bluu, mume atasema kijani, wala hajawahi kulitazama! Hiyo peke yake haivunji kitu, mara nyingi mtapewa nafasi ya kueleza. Usipokumbuka sema, "Sikumbuki." Usibahatishe chini ya kiapo.

Lakini ndoa ya kununua? Sheria inataja kifungo hadi miaka 5 na faini hadi dola 250,000, na huyo raia uliyemlipa naye yumo. Tena kuna jambo ambalo yule wa kukunong'oneza hakukwambia. Ikithibitika kwamba uliingia ndoa ya uongo ili upate makaratasi, ombi lolote la baadaye la kukupa ukaazi kama mwenzi linakataliwa. Lolote! Miaka 10 baadaye utampata umpendaye kwelikweli, mtazaa naye, na yeye hataweza kukuombea. Utamwambia nini?

Mkifaulu, jibu huja siku hiyohiyo au kwa posta. Ndoa ikiwa haijafika miaka 2 siku unapokubaliwa, kadi ni ya miaka 2 tu, yenye masharti. Ndani ya siku 90 kabla haijaisha mnajaza fomu I-751, kwa kawaida pamoja. Haya, wewe wa kukodi, mkeo wa hela atakuwa wapi siku hiyo?

Kama umeshalipa na barua imekuja, usiende kuinua mkono ule. Mwone wakili wa uhamiaji mwenye leseni, siyo yule kaka wa mtaani, umweleze yote kabla ya tarehe.

Na wewe ambaye ndoa yako ni ya kweli lakini tumbo linakuuma kwa hofu, pigeni magoti wawili usiku ule. Mkisema amina, someni tena fomu mliyoijaza, mlale. Kesho mfike mapema.