Amana ya Damu Iliyokwisha Kutolewa

Tunawasifu wachangiaji damu kana kwamba wema wote umetimia pale sindano inapochomolewa. Mahubiri yetu nayo, msikitini na kanisani, hukaa zaidi juu ya mkono unaotoa kuliko mkono unaopokea na kutunza. Mimi nashikilia kwamba sehemu iliyo nzito zaidi kimaadili huanza baada ya hapo. Damu ikishatoka mwilini ni amana, na aliyekabidhiwa ana mzigo mkubwa kuliko aliyeitoa. Katika Mkoa wa Katavi jambo hili linagusa maisha moja kwa moja. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wasichana wa mkoa huo wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba, kiwango kikubwa kuliko mikoa yote nchini. Binti wa umri huo anayevuja damu baada ya kujifungua, awe Inyonga au Karema, hana namna ya kuuliza chupa anayotundikiwa imelala wapi.

Na chupa hiyo ina masharti. Damu nzima hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 6, na katika mifuko mingi haipiti siku 35, utegili hugandishwa, chembe sahani huwekwa kwenye joto la chumba zikitikiswa bila kukoma, na kwa kawaida hudumu siku 5 tu. Tangu Mpango wa Taifa wa Damu Salama uanzishwe mwaka 2004, damu hupimwa kundi, VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Lakini Mpanda, katika mkoa huo wa Katavi, ni mji ulioishi miaka mingi kwa umeme wa jenereta za dizeli, na damu iliyopata joto usiku ikapoa tena alfajiri yaweza kuonekana vilevile kwa macho. Shahidi pekee ni kipimajoto na daftari la mtu aliyekisoma. Kurani inaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe, na mwenye damu hii sasa ni mgonjwa ambaye bado hajafika wala hajulikani jina. Katika Injili, mtumwa aliyefukia talanta hakuiba chochote, na bado alihukumiwa. Naona hukumu hiyo inamhusu pia anayeacha chupa nzima ipitwe na muda nyuma ya jokofu kwa sababu mpya zilipangwa mbele.

Wengine watasema wajibu huu ni deni kwa mchangiaji tu: alitoa kwa hiari, basi tuheshimu nia yake. Tuipime hoja hiyo kwa mchangiaji asiye na nia ya kutamka. Huko Uingereza, tangu 2007, iko benki ya damu ya mbwa. Mbwa mkubwa mwenye afya hutoa mililita 450 hivi, na damu yake hupimwa kundi na kutenganishwa kama ya binadamu. Penye kupe wengi ingepasa pia kutafutwa vijidudu vya babesia. Deni letu kwa mnyama huyu ni la zamani: mwaka 1665, mjini Oxford, Richard Lower alimwongezea mbwa damu ya mbwa wengine, aliyepokea akapona, waliotoa wakafa. Mbwa hakukubali, hatadai, wala hatajua kama damu yake ilimwagwa. Hata hivyo nani atasema si kosa kuiacha ioze? Basi wajibu hautokani na nia ya mtoaji peke yake. Unatokana na mwili uliogharimika, na pia kiumbe dhaifu atakayepokea.

Nitaambiwa mbwa ni najisi. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa nchi hii, ndivyo. Lakini hukumu hiyo inahusu kutoharisha kilichoguswa, haizuii huruma. Hadithi ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu inajulikana sana. Hata hivyo, simwambii mtu yeyote Mpanda anunue jokofu la damu ya mbwa huku la wazazi likiwa tupu.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni jingine: penye uhaba, ukali wa vipimo unaua, kwa kuwa chupa iliyokataliwa huenda ingeokoa mtu. Ni kweli kwamba dakika zikibaki chache, daktari anaweza kupima ndugu kwa vipimo vya haraka, akaamua kwa kulinganisha hatari mbili huku familia ikijua. Huo ni uamuzi wa haki. Kisichokubalika ni kutundika chupa ambayo historia yake imepotea, kana kwamba inajulikana, maana bakteria waliokua ndani yake wanaweza kumuua mgonjwa kwa saa chache. Kuimwaga chupa hiyo si kumdharau aliyeitoa. Dharau ilitendeka mapema, pale zamu ya usiku ilipoachwa bila mtu na jenereta bila mafuta. Kwa hiyo halmashauri inayotangaza siku ya kuchangia damu, Juni 14, ipitishe kwanza bajeti ya dizeli na posho ya anayesoma kipimajoto, kisha ndipo iwaite watu.