Sikukuu ya Wajinga

Kila tarehe 1 Aprili tunadanganyana na kuiita Sikukuu ya Wajinga. Je, uongo wa mchezo ni dhambi? Wachaga na Wapare hutaniana mwaka mzima, lakini utani ni wa watu wawili, na wote hucheka. Tukimwambia mama mzee wa Marangu kwamba mwanawe aliyepotea miaka mingi amefika stendi ya Moshi, naye akashuka mbio, nani atacheka? Sisi peke yetu. Mwaka 2018 Pasaka iliangukia siku hiyohiyo. Wanawake walipoleta habari za kaburi tupu, mitume waliziona upuzi. Nasi tukizoea kudanganya, siku tukileta habari njema nani atatusadiki? Basi tutaniane, ila kwa mzaha ambao hata anayetaniwa ataucheka.