Kosa si la aliyeumizwa

Siku moja wanafunzi wa Yezu walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakauliza ni nani aliyetenda dhambi: yeye ama wazazi wake? Yezu akajibu kwamba si yeye, wala si wazazi wake.

Swali hilo lingali mioyoni mwa watu. Mwanamke aliyeshikwa kwa nguvu na watu wenye silaha hujiambia: «Kosa ni langu, sifai tena kitu.» Mwili umekwisha pona, lakini wazo hilo hulifungua jeraha kila siku.

Mwaka 2013 ilitangazwa habari ya wanawake 405 wa Kivu, waliotendwa ama walioona jeuri ya namna hiyo. Wengine walisikilizwa na kufarijiwa mmoja mmoja. Wengine walikutana mara 12, wakafundishwa kulipima wazo lao: Je, ni kweli? Ni nani aliyetaka tendo lile? Wasiojua kusoma walijifunza mazoezi hayo kwa moyo. Miezi 6 baadaye, kati ya wale waliopima mawazo yao, 9 tu katika 100 walikuwa na ugonjwa wa huzuni ama wa hofu. Kati ya wenzao, 42 katika 100.

Wakatekumeni wapenzi, mmefundishwa kwamba hapana dhambi pasipo kujua na kukubali. Basi aliyeshurutishwa hana dhambi. Msimhukumu jirani huyo. Ketini naye, mmsaidie kuuona ukweli. Wazo la uwongo halitoki kwa Mungu.